Chama chenye jina la Kristo kilikuwa wapi siku tuliponyimwa kura?

Beni. Jumapili iliyopita, kisha misa ya pili, kijana mmoja alisimama kwenye mlango wa kanisa akigawia watu makaratasi. Alivaa tisheti nyeupe yenye msalaba kifuani. Karatasi ilisema kwamba sisi Wakristo ni wengi katika nchi hii, kwamba Mkristo akimpigia Mkristo mwenzake kura Congo itapona, na kwamba chama chake ndicho nyumba ya Wakristo katika siasa. Jina la chama silitaji. Makaratasi ya namna hiyo nimeyapokea ya vyama zaidi ya kimoja, na maneno ni yale yale.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Rutshuru, ambaye analala na watoto wake watano katika nyumba ya jamaa hapa mjini, alipokea karatasi, akaisoma polepole, akamuuliza: « Mwanangu, tarehe 20 Desemba 2023 chama chenu kilikuwa wapi? » Kijana akasema: « Mama, tulikuwa katika uchaguzi. » Mama akajibu: « Sisi hatukuwa. »

Nimekaa na jibu hilo wiki nzima. Na kwa kuwa watu wengi walinipigia simu kuniomba niseme kitu kuhusu hivi vyama vya Kikristo, leo nasema. Najua wengine watakasirika, na baadhi yao ni watu ninaosali nao.

Tuanze na historia, kwa sababu vijana wanadhani vyama hivi vilizaliwa jana. Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vikaota kama uyoga kisha mvua. Kati ya vile vilivyokuwa na uzito tangu mwanzo kulikuwa na PDSC, yaani Chama cha Kidemokrasia na Kijamii cha Kikristo. Wakubwa wake hawakuwa watu wa barabarani. Joseph Iléo alikuwa katika kundi la Conscience africaine lililoandika tangazo lile maarufu la mwaka 1956, wakati Mbeleji alikuwa bado anadhani atakaa hapa milele. Mwezi wa Septemba 1960 Kasavubu alimweka awe waziri mkuu mahali pa Lumumba, na kuna wazee hapa Beni ambao mpaka leo hawajamsamehe. Mwingine ni André Boboliko, mtu wa sendika, aliyeongoza wafanyakazi Wakristo wa UTC kabla Mobutu hajachanganya sendika zote kuwa moja. Yeye pia alikuwa waziri mkuu, mwaka 1979 mpaka 1980, chini ya Mobutu huyo huyo.

Mwaka 1991 PDSC hakikuwa chama kidogo. Mwezi wa Julai mwaka ule Union sacrée ya upinzani iliposimama, ilisimama juu ya miguu mitatu: UDPS ya Tshisekedi baba, UFERI ya Nguz Karl-I-Bond, na PDSC. (Ndiyo, jina Union sacrée ni la zamani. Wale wanaolitumia leo Kinshasa walilikuta.) Kisha Nguz akatoka, akapokea uwaziri mkuu kutoka mkono wa Mobutu mwezi wa Novemba, na mwezi wa Januari 1992 akaufunga Mkutano mkuu wa taifa uliokuwa unaongozwa na Askofu Monsengwo.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo kila mtu anayetumia jina la Kristo katika siasa angepaswa kulisoma mara mbili. Tarehe 16 Februari 1992, siku ya Mungu, Wakristo wa Kinshasa walitoka parokia zao na Biblia, rozari na mishumaa mikononi, kudai Mkutano ufunguliwe. Askari wakawapiga risasi. Watu wakafa barabarani. Mwezi wa Aprili Mkutano ukafunguliwa tena. Nani aliwaita watu wale watoke? Ni kamati ya walei. Haikuwa PDSC wala chama kingine chochote. Wakristo wa Congo walipotaka kubadilisha kitu kwa gharama ya damu yao, hawakungoja mwito wa chama chenye jina lao.

Kisha miaka 14 ikapita. Vita viwili vikapita, Mobutu akaenda, Kabila baba akaja na kuuawa, na muda ule wote hakuna chama kilichopimwa kwa kura. Ndiyo maana mwaka 2006 ni mwaka muhimu katika hesabu hii. Tarehe 30 Julai 2006 tulipiga kura. Aliyeongoza tume ya uchaguzi alikuwa padiri, tena padiri wa kwetu, wa jimbo la Butembo-Beni: Abbé Malu Malu, Mungu amrehemu. Parokia zilikuwa zimefundisha watu kupiga kura kwa miezi mingi. Kama kulikuwa na mwaka wa chama cha Kikristo kuvuna, ulikuwa huo.

Matokeo? Viti vya bunge 500. PPRD ilipata 111. MLC 64. PALU ya mzee Gizenga, chama kisicho na msalaba wala malaika kwenye jina lake, 34. Watu waliojisimamia wenyewe bila chama walikuwa 63. Na PDSC, ule mguu wa tatu wa Union sacrée, ilipata viti 8. Nane! Jamaa yake, Mkutano wa Wademokrasia Wakristo, CDC, ulipata 10. Ukiwaweka pamoja wanafika 18, yaani chini ya viti 4 kwa kila 100, katika nchi ambamo Jumapili asubuhi huwezi kupita barabarani kwa wingi wa watu wanaokwenda kusali.

Najua jibu litakalokuja: wizi. Wizi upo, sikatai, na mimi si mtoto. Lakini mwaka 2006 sheria ilikuwa rafiki ya vyama vidogo. Viti viligawanywa kwa uwiano, na vile vilivyobaki vilikwenda kwa waliokuwa na mabaki makubwa ya kura, kiasi kwamba chama kiliweza kumwingiza mbunge kwa kura chache tu. Vyama vingi visivyojulikana na mtu viliingia hivyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mlango ulikuwa umefungwa. PALU ilipata 34 kwa sababu kule Bandundu ilikuwa na watu wake kijiji kwa kijiji, wazee waliokitunza chama tangu miaka ya Mobutu kama vile mtu anavyotunza mbegu. Chama cha Kikristo kilidhani parokia itafanya kazi hiyo mahali pake. Lakini parokia si ofisi ya chama. Padiri anakatazwa na sheria ya Kanisa kushika kazi ya siasa, na maaskofu hawajawahi kutuambia tupigie chama fulani. Basi nani alibaki kijijini kufanya kazi? Hakuna mtu.

Sababu nyingine ni aibu kidogo kuisema. Hawa ndugu hawapendani. Kuna PDSC. Kuna CDC. Kuna DC, Demokrasia ya Kikristo ya Diomi Ndongala. Kuna PDC, Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo cha José Endundo. Mpe mama yangu majina hayo manne kwenye karatasi ya kura, iliyo ndefu kama gazeti, umuulize yupi ndiye nyumba ya Wakristo. Atachagua picha ya mtu anayemjua, na atakuwa na haki. Wanaotuhubiria umoja wa Wakristo wameshindwa kuketi wanne kwenye meza moja.

Tukitaka kuona vizuri, tumtazame PDC. Tarehe 19 Januari 2007 ulifanyika uchaguzi wa maseneta. PDC ilipata viti 6 kwa 108. Sita! Kwa asilimia ni zaidi kuliko PDSC na CDC pamoja bungeni. Lakini seneta hachaguliwi na mimi wala wewe. Anachaguliwa na wabunge wa majimbo, na kila mtu aliyekuwa na masikio mwaka 2007 alisikia habari za makuta yaliyotembea katika nchi yetu siku zile. Simshitaki mtu. Nasema tu kwamba chama kilichopata nguvu pale ambapo wananchi hawapigi kura, hakiwezi kusema kilitumwa na Wakristo. Endundo mwenyewe alikuwa ametoka upande wa Bemba; kisha uchaguzi ule akawa waziri wa mazingira chini ya Kabila. Mwezi wa Septemba 2015 akawa katika G7, vile vyama saba vilivyomwandikia Kabila vikikataa muhula wa tatu, na vikafukuzwa katika muungano wa raisi. Kwa barua ile nampa heshima. Lakini niambieni, katika safari hiyo yote, kutoka Bemba mpaka Kabila, kutoka Kabila mpaka upinzani, ni wapi mpigakura Mkristo aliulizwa? Alipiga kura mara moja. Chama kilihama mara mbili.

Wakati huo huo Wakristo wenyewe walirudi barabarani. Tarehe 31 Desemba 2017, tarehe 21 Januari na tarehe 25 Februari 2018, watu walitoka kanisani wakiimba, kudai mapatano ya Saint-Sylvestre yaheshimiwe. Wakapigwa risasi na gesi mpaka ndani ya viwanja vya parokia. Thérèse Kapangala, msichana aliyetaka kuwa mtawa, aliuawa kwenye mlango wa kanisa lake. Na mara hii tena waliowaita watu walikuwa kamati ya walei, CLC. Miaka 26 kati ya maandamano ya kwanza na haya, na somo ni moja: Mkristo wa Congo anamwamini mlei wa parokia yake kuliko mkubwa wa chama. Si kwamba hapendi siasa. Alikufa kwa ajili ya siasa.

Sasa tufike kwetu. Mwisho wa Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watapiga kura mwezi wa Machi. Sababu: Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi. Shule zilikuwa zimefanya kazi. Makanisa yalikuwa yamejaa siku ya Noeli. Raisi mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na sisi, zaidi ya milioni moja ya wapigakura, tukaambiwa kura yetu ya raisi imepita na maji. Tarehe 30 Desemba vijana wa Beni walitengeneza uchaguzi wao wenyewe, tukapanga mstari, tukanawa mikono, tukaweka karatasi kwenye sanduku, tukijua haitahesabiwa. Nilikuwa pale na kinasa sauti changu. Mzee mmoja aliniambia anapiga kura ili watoto wake wasizoee kukaa nyumbani siku ya kura. (Aliyekuwa mkubwa wa CENI wakati ule, Corneille Nangaa, leo ndiye mkubwa wa AFC pamoja na M23. Wale waliokimbia Rutshuru wanaweza kufikiri wenyewe juu ya jambo hilo.)

Siku zile nilikuwa na redio sikioni asubuhi na jioni. Nilisikia maaskofu. Nilisikia shirika za kiraia. Sikusikia chama hata kimoja chenye jina la Kristo kikisema: wabunge wetu hawataapa mpaka Beni na Butembo wamepiga kura.

Miaka mitano kisha, ilikuwa zamu ya Rutshuru na Masisi, na Kwamouth kule Maï-Ndombe. Tarehe 20 Desemba 2023 hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Na mkimbizi wa ndani, kwa sheria yetu, anapiga kura pale alipojiandikisha. Kijiji chake kikiwa mikononi mwa watu wa bunduki, kura yake imebaki huko pamoja na mbuzi na mashamba. Mama yule wa kanisani ana kadi ya mwaka 2017. Anaitumia kama kitambulisho kwenye vizuizi na anapopanga mstari wa msaada. Kwa kura haijamsaidia kitu.

Hapo wakubwa wa vyama vidogo watalia na sheria, na mahali hapa nitawasikiliza kidogo, kwa sababu kweli sheria imekaza kamba. Tangu uchaguzi wa 2018 chama ao muungano usiopata asilimia 1 ya kura za nchi nzima haupati kiti bungeni. Sheria ya 2022 ikaongeza kwamba lazima ulete wagombea wa asilimia 60 ya viti, yaani watu 300 kwa viti 500. Kila mgombea anaweka dhamana ya franga 1,600,000 isiyorudi. Piga hesabu: 300 mara hiyo ni franga milioni 480. Chama kama PDSC kitazitoa wapi? Ndiyo maana vyama hivi vinajificha ndani ya miungano mikubwa, jina linapotea, na kisha uchaguzi hujui tena nani alikuwa Mkristo na nani alikuwa mfanyabiashara.

Lakini sheria hiyo hiyo ilisema kwamba orodha ambayo nusu yake ni wanawake hailipi dhamana. Mlango huo ulikuwa wazi, bure. Kanisani kwetu nani anafagia, nani anaimba, nani anaongoza jumuiya, nani anawapikia wakimbizi wakifika usiku? Chama kinachojiita cha Kikristo kingeweza kupata wanawake 150 katika jimbo letu peke yake kabla jua halijazama. Badala yake mabango niliyoyaona hapa mjini yalikuwa ya wanaume wenye koti na miwani.

Wengi wenu mnaotusoma mko ng'ambo ya mpaka, Kyangwali na Nakivale, na mnasikia siasa za Uganda kila siku kwenye redio. Ninyi mnakijua chama cha DP. Hicho nacho kilizaliwa na Wakatoliki, mwaka 1954, mpaka wapinzani wake wakakibandika jina la Dini ya Papa. Mwaka 1961 kilishinda uchaguzi, na Benedicto Kiwanuka akaongoza serikali. Mwaka 1972 watu wa Amin walimtoa katika ofisi yake ya jaji mkuu, na hakurudi. Chama chenye mtu kama huyo kina haki ya kutembea kichwa juu. Mwaka 1996 mgombea wake Ssemogerere bado alipata zaidi ya asilimia 20 ya kura za raisi. Mwaka 2006 kilipata asilimia 1.58, mwaka 2011 asilimia 1.86, na mwaka 2021 Norbert Mao hakufika hata asilimia 1. Mwezi wa Julai 2022 Mao akatia sahihi mapatano na Museveni, akawa waziri wa sheria. Kiti kimoja cha waziri, baada ya miaka karibu 70. Simfundishi Mganda siasa zake. Nawaonyesha tu mahali ambapo njia hii inafika, kwa sababu vyama vyetu viko kwenye njia hiyo hiyo, nyuma kidogo.

Mtu ataniuliza: basi wewe unapinga Wakristo kuingia siasa? Hapana. Napinga kuuziwa msalaba. Mwaka 2023, wakati wa kampeni, mkubwa mmoja alifika kwenye kambi ya wakimbizi ninayoijua vizuri, akaleta chumvi na vikwembe vyenye sura yake, akasali sala ndefu, akaandikisha majina ya watu kwenye daftari, akapiga picha. Chumvi ilikwisha siku tatu. Daftari hatujalisikia tena. Watu wengi waliokuwa wamepanga mstari ule hawakuwa hata na haki ya kupiga kura, na yeye alijua.

Chama kinachotaka nikipokee karatasi yake kije na vitu vinavyoonekana. Kituambie kwa maandishi, kabla ya kura, kitakaa upande gani kisha kura, na kikibadilisha kirudi hapa kutueleza kwa nini. Kiwe na nyumba yenye mlango wazi Beni, Butembo, Bunia, si namba ya simu ya Kinshasa isiyopokelewa. Kilete bungeni pendekezo la sheria linaloruhusu mkimbizi wa ndani kupiga kura pale alipokimbilia, kwa ajili ya wilaya yake. Kwa pendekezo la sheria viti 8 havihitajiki. Mbunge mmoja anatosha kulileta, na wengine wote walikataе mbele ya macho yetu, tujue majina yao.

Kijana wa tisheti nyeupe hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akasema atarudi Jumapili hii na mkubwa wake wa chama ili atujibu. Misa ya pili inaisha saa tano. Mama amesema atakuja na kadi yake ya mwaka 2017.